Bata Wangu Hawana Risasi, Dada Joyceline

Kwako Dada Joyceline,
Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, redioni.

YAH: KUCHAFULIWA JINA KWA BATA WANGU

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, yangu nitaisubiri, sina haraka. Mimi naitwa Marcel, nakaanga bata hapa Nyakanazi, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapopumzika. Kibao changu kimeandikwa KULA BATA KWA MARCEL. Nakuandikia nikiwa na adabu zangu zote, ila nina uchungu.

Juzi ulisoma taarifa kwamba huko kaskazini ya dunia, ambako bahari inaganda, wataalamu wamekamata bata wa porini, wakawapima damu, wakakuta metali nzito: risasi, zebaki, na nyingine ambayo jina lake lilikupiga chenga hata wewe. Sina ugomvi na wataalamu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Risasi. Dada, hili neno huwezi kulirusha hewani hivi hivi huku kwetu. Mapori haya watu wameyapita ndani ya mabasi yanayosindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Wewe ulimaanisha risasi ile ya madini, ya kwenye betri la gari, nimeelezwa na fundi betri. Wateja wangu wamesikia risasi ya bunduki. Iradukunda, dereva kutoka Burundi, mteja wangu wa siku zote, kaligeuzageuza paja la bata kwa kijiti cha meno anatafuta tundu. "Marcel, ndugu yangu, huyu mlimpigia wapi?" Nikamwambia amechinjwa. Akasema, "Baada ya kupigwa?"

2. Zebaki. Huku zebaki kazi yake ni kukamatia dhahabu, hilo kila mtu analijua. Sasa Paschal, mchimbaji mdogo, akapiga hesabu zake: kama bata ana zebaki tumboni, dhahabu nayo haiko mbali. Akachukua maini na firigisi zote, akazichana, akaziosha kwenye karai langu kama anaosha mchanga. Alipokosa hata punje akaomba chumvi na ndimu, akala. Nikamuuliza malipo. "Sampuli hailipiwi," akanijibu.

3. Metali nzito. Hapa ndipo Ernesta, muuza kuku wa ng'ambo ya barabara, alipopatia mtaji. Anawapigia madereva kelele: "Haya, kuleni kwa Marcel, mizani ijayo mtapigwa faini ya kuzidisha uzito!" Wanacheka mpaka wanashika matairi. Hata mimi nilicheka, kabla sijakumbuka kwamba Marcel ni mimi.

4. Kaskazini. Nilisimama mbele ya watu nikasema bata wangu hata ziwa hawajaliona, sembuse bahari, wao wanaogea kwenye beseni. Ernesta akauliza kwa upole kabisa, "Kwani unawanunua wapi, baba?" Nikasema Biharamulo mjini. "Na Biharamulo kutoka hapa iko upande gani?" Dada Joyceline, iko kaskazini. Nikakaa chini.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mzee Thobias wa Murukulazo, baba yake mchumba wangu Nice, ni msikilizaji wako. Kwa huyu mzee, kilichosemwa redioni kimesemwa, hata paroko hakitengui. Ameleta ujumbe kwamba binti yake haendi kwa mtu anayelisha watu risasi, na Jumapili anakuja mwenyewe kukagua. Akikataa, nimemkosa Nice kwa makosa ya bata ambao hata Kiswahili hawajui.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, Jumamosi utangaze kwamba bata wa Marcel hawahusiki. Wale wa kule mtafutieni jina jingine, waitwe kuku maji, Ernesta atatuelewa. Wataalamu nao waje wawapime wangu damu, na wakimaliza wavuke barabara wapime na ya kuku, haki iwe sawa. Hilo likishindikana, basi aletwe bata mmoja kutoka kwenye barafu, asimamishwe pamoja na wangu mbele ya mzee, tuone kama watasalimiana. Wasiposalimiana, mzee aniachie binti.

Wasalimie wote hapo studio: fundi mitambo, mlinzi wa getini, mama wa chai. Aliyekuandikia ile taarifa naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi niliyesingiziwa na bata nisiowajua,
Marcel, Nyakanazi.

N.B. Jumapili mzee nampikia kuku. Bata wangu ni salama kabisa, hilo nasimamia popote, lakini baba mkwe ninaye mmoja tu, nitamjaribishiaje?