Sanda Kumi na Tatu kutoka Mtwara

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Nimeficha jambo kwa miaka ishirini na minne. Padri alikuja jana kunipaka mafuta ya wagonjwa, maana moyo umevimba na miguu inaufuata. Nikaungama yote niliyoyakumbuka, hata zile korosho za kiwanda mfukoni mwa koti. Hili nikalibakiza. Basi naliandika humu. Cheti changu cha Dar es Salaam, kile kilicho ukutani sebuleni, si cha kompyuta. Ni cha teleksi. Wiki sita, mwaka 1979. Sikumwambia mtu yeyote kuwa ni cha kompyuta. Watu walisema wenyewe, mimi nikanyamaza. Fremu niliichagua mimi. Inafunika mstari wa pili.

Leo kikao cha wastaafu, hapa Newala. Binti yangu Julia alinikataza kwenda. Nikaenda. Barua imetoka Mtwara, makao makuu ya shirika lililonunua kiwanda chetu cha korosho. Zamani kila mstaafu alipanda basi mara moja kwa mwaka kwenda kuonyesha kuwa yu hai. Sasa uhai utapelekwa kwa mtandao. Asiyeonekana hai mtandaoni hapewi barua ya matibabu. Aya ya mwisho ilisema kompyuta za zamani hazihudumiwi. Atakayeunganisha ya zamani asiwapigie simu.

Yetu ni ya zamani. Shirika lenyewe lilitutupia, likaita zawadi.

Kisha Severina, Mama Emmanuel, aliyekuwa mpiga chapa wetu, akauliza kwa sauti ndogo nani ataiweza kazi hiyo. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia limefunikwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho watakuwa hospitali ya misheni kule Masasi tarehe 13 hadi 17, basi, hadi mwakani. Mwakani, alisema, atakuwa anapapasa ukuta.

Wote wakanigeukia mimi, mwenye cheti. Nikainuka. Kuinuka kulichukua muda, lakini kulikuwa na heshima yake. Nikasema niachieni.

Makofi! Fakihi peke yake hakupiga. Huyu alikuwa mlinzi wa geti, Myao wa Masasi, mtani wangu tangu siku ya kwanza kazini. Alisema Mmakonde akipewa kompyuta ataichonga mpaka itoke sura ya mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Imewaka! Ilinguruma kama mashine ya kubangulia, ikatoa harufu ya mende aliyeungua, ikatulia. Nikakaa mbele yake nimevaa tai.

Fakihi alikuja bila kualikwa. Akainama begani kwangu, akanyoosha kidole kwenye pembe ya kioo. Akasema pale pameandikwa Januari mosi, 1980, nianze kwa kurekebisha hapo. Akatoa hotuba. Miaka ishirini getini, lori lenye tarehe mbaya kwenye karatasi zake halikupita hata moja.

Nikamweleza kwa upole, mbele ya watu, kwamba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa ya mashine. Haibadilishwi, kama ya mtu isivyobadilishwa. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Fakihi akasema basi mashine hii imezaliwa na ndevu.

Mlinzi wa geti kunifundisha mimi, karani mkuu wa stoo!

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya kupiga simu Mtwara. Kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu kinalia kama mbuzi aliyenaswa miibani. Mara tatu kikalia, mara tatu kikakatika. Sababu ni Winfrida wa ofisi ya ushirika, jirani zetu. Tunatumia laini moja, naye kila akiinua mkono wa simu kumsalimu dada yake Tandahimba, mimi natupwa nje.

Nikamtuma Fakihi akailinde simu ya Winfrida. Aliilinda vizuri. Naandika kwa uchungu.

Mara ya nne tukaingia. Mtandao ukauliza kompyuta yangu ni ya aina gani, ukatoa orodha. Yetu haikuwamo. Nikachagua ya juu kabisa, mpya kuliko zote. Huo si uongo. Ni uzoefu wa stoo: lori lililoandikwa bovu lililala uani, lililoandikwa zima lilisafiri.

Mtandao ukakubali! Nikalegea kitini. Julia alidhani ndiyo saa yangu, akaanza sala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepeleka uhai wa watu kumi na watatu. Kwa kufuata cheo, kwa hiyo nilianza na wangu. Severina aliwahi kufika kuliko wote, akapangwa wa tisa, akangoja bila kulalamika. Kila jina lilirudi na neno moja: Imepokelewa.

Wa kumi na nne ni Fakihi. Alikataa. Alisema ataupeleka mwili wake mwenyewe Mtwara kwa basi, kama zamani, maana uhai wake haupitii mikono ya Mmakonde. Nikamwonea huruma. Wengine hawaendi na wakati.

Severina ameniletea kikapu cha ming'oko, mizizi yetu ya porini, imechemshwa vizuri. Alinishika mkono muda mrefu. Alisema akipona atasoma mwenyewe kitabu chake cha nyimbo, bila kusomewa na mkwe anayeruka beti.

Nimelala mchana wote kwa fahari na uvimbe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Severina aliteremka Masasi alfajiri, akarudi alasiri. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua kitambaa cha kichwa. Karani wa hospitali alipiga simu Mtwara kuulizia barua yake ya matibabu, akataja namba yake ya ustaafu. Mtwara wakajibu mwenye namba hiyo amefariki. Karani, kwa adabu kabisa, akampa pole ya msiba.

"Baba Julia," akasema, "nimeambiwa nimekufa. Kama wewe unajua lolote, niambie."

Nilimwambia makarani wa siku hizi hawana umakini.

Alipotoka nikachukua fimbo. Julia akasimama mlangoni. Nikapitia mlango wa uani. Nimewapeleka wote upya, wote kumi na watatu, mara mbili kwa uhakika. Imepokelewa, imepokelewa, mara ishirini na sita! Sasa hakuna wa kubisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikuinuka kitandani. Miguu kama mihogo iliyolowekwa. Severina hajaja. Nimemsikia akipita njiani na mkwe wake, akiuliza kama pale ni shimo au ni kivuli.

Siku tatu zimebaki.

Jumatano, 15 Oktoba

Saa nne asubuhi gari la shirika likasimama mbele ya ofisi ya wastaafu, limejaa vumbi hadi kwenye vioo. Akashuka bwana mmoja, Lukmani, afisa wa makao makuu, suti nyeusi, uso wa tanzia. Nyuma ya gari kulikuwa na magunia ya mchele na sanda kumi na tatu zilizokunjwa vizuri. Shirika limeuzwa, limebadilishwa jina, limepunguza watu. Desturi hii moja halikuiacha: mstaafu akifa, huletewa sanda na mchele.

Tulikuwa tumekaa barazani tukimngoja mtu wa kutueleza mambo yetu. Lukmani akatusalimu, shikamooni wazee, tukaitika marahaba. Akaanza hotuba. Alisema makao makuu wamepokea kwa mshtuko habari za watu kumi na watatu kwa siku moja, na habari hizo zimefika mara tatu. Wanadhani ni ajali ya basi, pale kwenye mteremko wa Masasi. Akaomba aonyeshwe wafiwa.

Akafungua daftari, akasoma jina la kwanza. Langu.

Nikasema nipo.

Akanitazama. Akasoma la pili. Naye yupo. Kufika la tano Lukmani alikuwa anafuta jasho. Ndipo akaeleza. Uthibitisho wetu ulifika mzuri, ila umeandikwa Januari 1980. Mtandao ukiona kwamba mtu alionekana hai mara ya mwisho miaka ishirini na mitatu iliyopita, unamhamisha wenyewe kwenye orodha ya marehemu.

Akanikabidhi sanda yangu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Nikasaini. Miaka thelathini ya stoo, mkono ulisaini wenyewe.

Sasa Fakihi. Kwenye msiba mtani ana haki zake, na hakuna sheria inayozizuia. Alivuta sanda mikononi mwangu, akajitanda, akachukua fimbo yangu, akapita barazani kwa mwendo wangu. Hata kikohozi changu alikiiga. Akasimama mbele ya Lukmani, akainua kidole juu, akasema kwa sauti yangu kabisa kwamba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa ya mashine. Wazee walilia kwa kicheko. Severina alicheka hadi akashika nguzo. Ni watu wachache wanaopata kuhudhuria wakiigizwa. Sikujua kuwa natembea vile, kama bata anayebeba siri.

Lukmani akauliza nani aliyetuma zile habari.

Fakihi akavua sanda, akaikunja, akasema ni mtandao. Mambo ya kisasa, mwanangu, hayana mwenyewe.

Kisha akamwuliza Lukmani kama ndani ya mkoba wake mna muhuri wa shirika. Ulikuwamo. Akauliza kama afisa aliyekuja kumzika mtu anaweza kuandika kwamba amemkuta mzima. Lukmani akafikiri, akasema haijawahi kutokea, lakini haijakatazwa. Akaandika barua pale pale, juu ya gunia la mchele, akagonga muhuri. Fakihi akafungua mlango wa gari.

"Marehemu akae mbele," akasema. "Mama Emmanuel, panda. Macho yanafungwa Ijumaa."

Wakateremka Masasi wote watatu. Mimi nilibaki na sanda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amerudi! Walimpasua Alhamisi, wakamfungua bandeji Ijumaa. Alitembea peke yake kutoka stendi. Hakupitia kwao. Alikuja ofisini, akaniambia nimezeeka, akamwambia Fakihi vivyo hivyo, kisha akakaa mbele ya kompyuta iliyokuwa inawaka bure. Mpiga chapa hakai mbele ya herufi asizisome.

"Baba Julia," akasema, "hapa pembeni pameandikwa Januari mosi, 1980." Akaigusa kwa kidole. "Pameandikwa kwa herufi kubwa tu. Hata kwa lile jicho la zamani pengine ningepaona."

Fakihi akatazama dari.

Nikamweleza kuwa ni tarehe ya kuzaliwa ya mashine.

Mchana ikaja barua kutoka kwa wastaafu wa Tandahimba. Wamesikia Newala kuna mtaalamu aliyeingia mtandaoni kwa kompyuta isiyohudumiwa. Wao wanazo tano, kongwe kuliko yetu. Nimejibu kuwa nakuja wiki ijayo, Mungu akipenda. Julia amesema nitafia njiani. Nimemwambia sanda ninayo. Fakihi atanisindikiza. Nimemwekea sharti moja: asiseme neno kabla yangu.

Limebaki hili, nami nalimaliza, maana Padri anakuja kesho na najua sitamwambia. Ile Jumanne, tarehe niliiona kabla ya Fakihi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye vitufe kuirekebisha. Yeye akatangulia kusema. Nikaurudisha mkono.