Amonia Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kasafiri. Kaniachia kuku watano, jogoo mmoja na onyo. Jirani katishia kunishtaki kwa kelele. Nimewahamishia juu ya paa la kituo chetu cha kupima hewa. Nani hupanda huko? Mimi tu, kusafisha bomba linalovuta hewa. Tenga nimeliweka chini ya bomba, penye kivuli. Akili ni mali!

Jumanne, 4 Machi
Maajabu! Mashine ya leza imeonyesha amonia mara kumi ya kawaida. Mashine hiyo haidanganyi: hupitisha mwanga kwenye hewa, amonia ikameza kidogo, nayo ikahesabu kilichopungua. Hukamata hata chembe moja katika bilioni. Ng'ambo ya barabara kuna ghala la mbolea. Nimewapata! Ripoti kurasa tisa. Ukuu wa kituo uko wazi, tunaugombea wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani hana ghala.

Jumatano, 5 Machi
Mkurugenzi kanisifu mbele ya kadamnasi. Nikajifanya naona haya. Miwani akauliza mbona upepo unatoka upande wa pili na amonia bado ipo. Nikamjibu kwamba wivu hauna dira. Watu walicheka. Mama mkwe kapiga simu kuulizia mayai. Nimemwambia wanataga kama walioajiriwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepanda kuwapa kuku maji. Kinyesi kimenichoma macho. Nikanusa tena. Ole wangu, amonia! Nikasugua paa zima kwa dawa ya kusafishia sakafu. Kumbe nayo ina amonia! King'ora cha mashine kimelia hadi barabarani. Mkurugenzi kasema sasa ushahidi umetimia, kesho anamleta mwenye ghala ajionee.

Ijumaa, 7 Machi
Wamepanda wote. Nimesimama mbele ya tenga, mikono kiunoni, nikiwaonyesha ghala. Jogoo kawika. Mwenye ghala akasema mbolea iliisha mwaka jana, humo mna viti vya plastiki tu, na anataka aombwe radhi. Mkurugenzi kaniuliza kama ripoti niliandika mimi au jogoo. Siku za mwizi arobaini, zangu zimekuwa tano. Ukuu kapewa Miwani. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Miwani hakunifukuza. Kanipeleka kituo cha nje ya mji, kwenye mashine ya methane. Alieleza sana gesi hiyo inatoka wapi: madimbwi, majalala, mbweu za wanyama wanaocheua. Sikumsikiliza vizuri. Nimeshika moja tu: kuku hawamo kwenye orodha! Lakini mama mkwe karudi, na kuku wake hanipi tena. Shauri yake. Kituo kina majani mengi, na bomba lina kivuli kizuri. Shemeji anatafuta pa kuweka mbuzi wake watatu. Nimemwambia awalete kesho.