Unga Wangu Hauna Hatia

Jumatatu, 4 Machi
Mwenye duka la dawa kanirudishia makopo yangu yote. Eti unga wangu wa mizizi, kirutubisho cha kupigiwa mfano, hauingii rafuni mpaka maabara ithibitishe kwamba hauharibu chembe za urithi. Chembe za urithi! Mimi nauza nguvu, bwana! Na unga wa shemeji, kaka wa mke wangu, umetulia palepale rafuni na muhuri wa maabara. Unanicheka. Sikubali!

Jumanne, 5 Machi
Akili imefunguka. Unga wa shemeji si ulishapita? Nimechota kwenye kopo lake lililoko jikoni kwetu, nikajaza langu, hadi maabara. Mpimaji, mama asiyejua utani, akauliza kama ni wangu kweli. Nikasema ni wangu kama pua yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mpimaji kanionyesha sahani mbili za kioo. Moja, isiyotiwa unga, karibu tupu. Ile ya unga "wangu" imejaa vijidudu, vimeota kama upele. Nikapiga makofi! Unga unastawisha hata vijidudu! Hakucheka. Kumbe vililemazwa makusudi visiweze kukua. Vikiota kwa wingi hivyo, unga umezigeuza chembe zao za urithi.
"Baba, huu hauliwi," akasema.
Nikatoka nikichekelea. Shemeji kwisha habari yake! Nilipofika getini nikakumbuka. Mke wangu huukoroga unga huohuo kwenye maziwa ya binti yetu. Nikakimbia.

Jumamosi, 9 Machi
Jana nilimwaga maziwa, kikombe, kopo, kila kitu. Mke wangu akauliza nimejuaje. Nikajikanyaga, mwisho nikasema ukweli. Akamwita kaka yake. Jitu zima likakiri: maabara lilipeleka unga wa ngano badala ya wake! Leo daktari kasema binti ni mzima, namshukuru Mungu. Makopo ya shemeji yameondolewa dukani. Mke wangu hasemi nasi, mimi wala yeye.

Jumapili, 10 Machi
Tumefukuziwa barazani, mimi na shemeji. Tapeli mkubwa yule. Ngano! Nyeupe pee! Hata mtoto angeshtuka. Nimemweleza wazi kwamba kazi haifanywi hivyo. Unga wangu una rangi ya udongo, kwa hiyo kesho tunapeleka mtama mwekundu. Tumekubaliana nusu kwa nusu. Kinachotugombanisha ni nani abebe kopo, maana pale wanatujua wote. Nitavaa miwani ya jua.