Vita vya Shubiri Moja Kwenye Mkwaju Namba Saba

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye kazi na wenye kusingizia kazi, niwasimulie habari ya mkwaju namba saba na shujaa aliyeuokoa. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, huwaambia wateja wake kwamba nililala mbele ya greda, nikanyoosha mkono mmoja, na greda likarudi kinyumenyume likilia. Namheshimu jirani. Ila siku hiyo greda lilikuwa bovu, nami nilikuwa nimeshika ncha ya utepe wa kupimia.

Hiyo ndiyo silaha niliyokuwa nayo, katika kiwanja kile kikubwa ambako zitajengwa nyumba arobaini. Kila mti uliokutwa pale ulipigwa namba, na kila uliojaliwa kubaki ulipimwa unene wa shina. Unene huo ukazidishwa mara kumi na mbili, likachorwa duara la kufika umbali huo kila upande kutoka shinani, ambalo jembe haliingii, maana chini yake ndiko mizizi inakopumulia. Mpimaji, dada mrefu mwenye daftari lisiloshika vumbi, ndiye alikuwa jemadari. Mimi, mwenye darasa la saba na kimo cha mtungi, nilikuwa jeshi zima.

Sasa sikieni aibu yangu. Shina hupimwa mita moja na nusu kutoka ardhini, na nilikabidhiwa fimbo yenye alama ya kimo hicho. Fimbo ile mama aliiona nyumbani, akaipenda, akaitegemezea kamba ya nguo. Nami nisiyeogopa greda sikuthubutu kuangusha mashuka mabichi ya mama yangu. Nikaupima mkwaju usawa wa kifua changu. Na kifua changu, ole wangu, hakiko mbali na ardhi, kule shina linakonenepa kama mguu wa tembo. Duara likatoka mita kumi na tatu na nusu, na njia ya mtaro wa maji machafu, iliyokwisha kupigiwa vigingi, ikajikuta ndani yake.

Asubuhi ya pili akatokea msimamizi wa ujenzi, simba wa kofia ya njano, na nyuma yake wachimbaji sita na sururu zao.

"Nani kanizibia mtaro wangu?" akanguruma. "Wewe Nusu Mita! Mti huu ulipimwa na nani, na sungura?"

"Na mimi, baba."

"Kwa fimbo?"

Wachimbaji wakaegemea sururu wapate kusikia vizuri.

"Kwa kifua, baba. Fimbo imeshika nguo za mama."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Msimamizi hakucheka. "Enyi mashahidi! Mimi nihamishe mtaro wa nyumba arobaini kwa ajili ya kifua cha binti huyu? Upimwe upya, kwa haki! Duara lisipofika kwenye vigingi vyangu nachimba leo hii, na mizizi mtakwenda kupikia."

Katika miti tisa ya upande ule ulikuwa umebaki huo tu. Mizizi yake mikubwa ikikatwa, hautamaliza mwaka.

Dada mpimaji akasimamisha fimbo yake mwenyewe, tukauzungushia mkwaju utepe. Hapo ndipo vilipopiganwa vita vikali kuliko vyote: kidole gumba changu kilitaka kuulegeza utepe, kidogo tu, upana wa ukucha.

"Kaza, mdogo wangu," alisema dada mpimaji bila kuniangalia.

Nikakaza. Kidole kikatii kwa kinyongo.

Akapiga hesabu, akairudia. "Duara ni mita kumi na mbili kamili." Kisha tukavuta utepe kutoka shinani hadi kwenye vigingi. Kumi na mbili, kasoro shubiri.

Shubiri moja, enyi vizazi vijavyo! Shubiri ya mkono wangu, nao ni mdogo!

"Mtaro wako umeingia ndani ya duara, kaka," alisema dada mpimaji. "Utahama."

Wachimbaji wakang'oa vigingi, wakavisogeza hatua moja, na maji machafu ya nyumba arobaini yakabadilishiwa njia hadi mwisho wa dunia. Ushindi mkuu namna hiyo kiwanja kile hakijauona tena.

Lakini ndani ya duara, penye kivuli kizuri, ilikuwapo mifuko themanini ya saruji, imelalia mizizi ileile. Nikamkimbilia msimamizi.

"Baba, samahani. Na mifuko hii naomba itolewe, inaikandamiza mizizi."

Akaitazama mifuko, akakitazama kivuli, kisha akaweka simu sikioni, ingawa sikuisikia ikilia, akaenda zake.