Kitalu cha Majani Kando ya Kisima

Jumatatu, 3 Juni
Barua kutoka kwa mwalimu. Mjukuu wangu Vinuli, miaka tisa, anasahau kazi za nyumbani, na darasani hutazama nje ya dirisha tu. Nikamsomea mama yake kwa simu. Binti yangu Inoka anafanya kazi Kolombo, kiwanda cha nguo. Akasema, Baba, sasa basi. Jaribio ni Jumatatu ijayo. Vinuli asipofika nusu ya alama, atakuja kumchukua akaishi mjini kwa shangazi yake, karibu na masomo ya ziada. Hapo nitabaki mimi na redio.

Lakini dawa ipo. Uji wa gotukola, yale majani ya mviringo yanayotambaa kando ya kisima chetu. Marehemu mke wangu, Karunawathi, aliwanywesha watoto wetu watatu kila asubuhi, na hakuna aliyesahau kitu. Inoka bado anakumbuka viatu nilivyomwahidi akiwa darasa la pili. Tatizo ni moja. Karunawathi hakuandika popote namna ya kuupika, na kwa miaka arobaini mimi niliingia jikoni kuulizia chai tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimechemsha mchele na majani pamoja, saa nzima, ili nguvu itoke yote. Rangi ya mto baada ya mvua. Vinuli akanywa nusu kikombe, mtoto ana adabu, kisha akauliza taratibu kama Bibi ametukasirikia. Uliobaki nikampa kuku. Kuku kahamia kwa jirani.

Jumatano, 5 Juni
Jirani ni Hinmenike. Kila asubuhi huwapikia wanafunzi uji huohuo kwenye lango la shule. Kijani kama mpunga mchanga. Watoto hupanga foleni, kikombe mkono huu, kipande cha sukari guru mkono ule. Nikiri: sijaona mkono kama ule, isipokuwa wa Karunawathi. Walipika pamoja langoni pale, wao wawili, hadi Februari.

Nikaenda kupeleleza. Kisingizio: kurudisha chujio. Hinmenike akaligeuza, akasema kaka, chujio hili ni la kwako, au siku hizi unajiazima mwenyewe? Akaongeza kuwa kama nimemfuata kuku, kuku amesema harudi.

Hata hivyo niliona. Majani hayachemshwi. Hutwangwa, hukamuliwa, na maji yake humiminwa mwishoni, chungu kikishaepuliwa. Nikamwuliza kipimo kijanja, kana kwamba hainihusu. Nikakiandika kiganjani. Nikarudi nyumbani, nikanawa mikono.

Alhamisi, 6 Juni
Kipimo sina, basi bora kizidi. Kama konzi moja husaidia, kitalu kizima kitasaidia zaidi. Nikachukua jembe.

Vinuli alirudi shuleni akanikuta na kapu limejaa na udongo mtupu. Hakulia. Afadhali angelia. Akasema Bibi hakung'oa hata siku moja. Bibi alikata jani kwa ukucha, akaruka moja, akakata linalofuata, na mashina akayaacha yatambae. Kisha akaendelea, bila kusita: konzi mbili za Bibi kwa kikombe kimoja cha mchele mwekundu. Vitunguu vidogo vitatu. Punje moja ya kitunguu saumu. Tui la nazi baada ya kuepua, halafu maji ya majani. Na Bibi alifuta mikono upande wa kushoto wa nguo, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa wa kunipangusia mimi miwani.

Hilo la miwani nilikuwa nimelisahau.

Tukapanda mashina upya, yeye akinielekeza, mimi nikimwagia maji. Uji tuliopika ulikuwa kijani kweli. Nilikunywa vikombe viwili nikimtazama mtoto huyu kwa mshangao. Kichwa gani hiki! Na yote kwa nusu kikombe cha Jumanne. Dawa inafanya kazi.

Jumapili, 9 Juni
Nimesoma kalenda ya nyota. Saa njema ya kumnywesha mtoto dawa kesho: saa mbili na dakika saba, akielekea mashariki. Jaribio linaanza saa moja na nusu. Mwingine angekata tamaa. Mimi nina chupa ya chai, na darasa lina dirisha.

Vinuli ameniomba nisije. Ameomba mara tatu. Haya za kitoto.

Jumatatu, 10 Juni
Saa mbili na dakika saba kamili niligonga dirisha. Darasa zima likageuka. Vinuli peke yake hakugeuka, alikuwa anaandika. Nikaingiza kikombe, kiwiko kikagonga nondo, uji ukamwagikia karatasi yake. Akaifuta kwa sketi, akaendelea kuandika kwenye sehemu kavu.

Mwalimu akanikalisha kwenye benchi la darasa la kwanza hadi mwisho. Magoti yalifika kidevuni. Hinmenike akaniletea kikombe na sukari guru. Akasema kunywa, kaka, labda mgonjwa mwenyewe ni wewe.

Jumatano, 12 Juni
Sabini na moja!

Mwalimu alikuja nyumbani na karatasi ile, kijani upande mmoja. Insha ilitaka waeleze kitu kinachotengenezwa kwao. Vinuli aliandika uji wa Bibi, pamoja na ukucha na miwani. Mwalimu akasema aliwasomea walimu wenzake, na mmoja akatoka nje kidogo. Akasema pia amekaa kwenye dawati la Vinuli, akatazama anakotazama mtoto. Lango linaonekana, na chungu cha Hinmenike, na nafasi tupu kando yake.

Hinmenike ameshasema kila asubuhi Vinuli atamsaidia kugawa sukari guru, akisimama pale pale.

Inoka akalia kwenye simu. Mtoto anabaki. Inoka atakuja Jumapili, kututembelea tu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimewaza. Ni saa njema iliyofanya kazi. Dawa ilipitia kwenye karatasi. Sasa Inoka wiki hii amesahau kupiga simu mara mbili. Kwa mama mtu mzima, nusu kikombe hakitoshi. Mashina ya kisimani yameshika vizuri, yameanza kutoa majani. Yatatosha yote.

Ila jembe silioni. Nimemwuliza Vinuli. Anasema hakumbuki kabisa lilipo. Nina wasiwasi. Nitamwongezea kikombe.