Soksi ya Kushoto

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Kocha Projestus katangaza. Timu ya taifa ya wanawake inakwenda Lusaka, na kiwanda chetu kitatoa kiungo mmoja tu. Ni mimi au Felicitas wa idara ya ufumaji. Mimi nimefika kidato cha sita, nachora pasi zangu daftarini kabla ya mechi. Felicitas hachori chochote, na mpira unamfuata kama kuku anayemjua mwenye mahindi.

Jumanne, 6 Agosti
Siamini uganga. Fundi Albano, mchonga vinyago jirani yetu, kaniambia huku akicheka kwamba kwao hufukia soksi ya mpinzani katikati ya uwanja, saa sita mchana, na mguu wake hulala. Nimecheka pia. Kisha nikauliza ni soksi ya mguu gani. Ya kushoto.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeichukua kwenye msumari wa Felicitas, chumba cha jezi, ikiwa imekunjwa. Sikuikunjua. Uwanja mtupu, hata kunguru hapana. Kivuli changu kilijikusanya miguuni, kama nacho kinataka kuona. Nikaifukia, nikashindilia udongo. Kitu kikashindilia kutoka chini, pigo kwa pigo. Nimeondoka bila kukimbia, msomi hakimbii. Karibu na goli nimekimbia.

Alhamisi, 8 Agosti
Mguu wangu wa kushoto una baridi. Nimeulowesha maji ya moto, wapi. Mazoezini, kila nikipita katikati, vidole vinagusa udongo ndani ya kiatu. Nimevua mara tatu. Kiatu kisafi. Felicitas kauliza, shoga, kwani humo kiatuni una mgeni? Wote wamecheka.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimemwamkia Bi Hamisa, mfua jezi, nikapenyeza swali: Felicitas halalamiki kupotelewa na soksi? Kashangaa. Kasema kocha alishaagiza timu iwe ya kijamaa, hakuna changu wala chako. Yeye hufua zote pamoja na kuzitundika zinavyokuja. Kwa Felicitas wiki hii alitundika ile yenye kiraka cha uzi wa bluu.
Kiraka hicho nilikishona mimi.
Saa sita nimekwenda kufukua. Ilikuwa chini zaidi ya nilipoiweka. Ya moto, imejaa, kama mguu umetoka humo sasa hivi. Nikavuta. Ikavutwa. Nimeiacha.

Jumamosi, 10 Agosti
Mechi ya majaribio. Felicitas kanipa pasi safi, nikapiga hewa. Mguu ulichelewa kufika, kama unatoka mbali. Kocha kasema, Ndugu Demetria, kapumzike. Felicitas anakwenda Lusaka. Mimi wa akiba. Nitakwenda akiugua tu.

Jumapili, 11 Agosti
Felicitas kanionea huruma. Baada ya misa ya kwanza kaja nyumbani, kanikalisha barazani, kanichana kwa chanuo lake jipya na kunisuka mtindo wa twende kilioni. Kasema nisinune, ataniletea kitenge. Kaondoka akalisahau chanuo, limejaa nywele.
Nimejifunza kosa langu. Soksi ni za timu nzima, lakini chanuo ni la mtu mmoja. Jina lake limechongwa kwenye mpini, nimelisoma mara mbili kabla ya kulifukia. Safari hii hakuna wa kulaumiwa.
Tangu nirudi kutoka uwanjani kichwa kina baridi. Nadhani kanisuka kwa kubana mno.