Kijani cha Pipa la Saba

Gasto aliinusa riziki akiwa kwenye foleni ya stesheneri, mtaa wa Utemini. Mbele yake mama mmoja wa makamo alikuwa akitoa nakala ya barua, na Gasto, ambaye macho yake hayakuwahi kufundishwa adabu, aliisoma yote juu ya bega la mwenyewe. Wakaguzi wa ubora watafika Alhamisi. Kiwanda kionyeshe ushahidi kwamba toleo jipya la mfumo wa ubora lilijaribiwa kabla ya kuanza kutumika. Bila ushahidi, mashine zitafungwa.

Kabla hatujaenda mbali niseme ukweli: huyu Gasto ni mimi. Namwita Gasto kama mtu baki kwa sababu nikisema "mimi" naona aibu, na yeye ameshazoea kubebeshwa lawama.

Wiki hiyo alikuwa na shida moja iliyomnyima usingizi. Mkewe, Flora, alikuwa amerudi kwao Shelui baada ya miaka minne ya ahadi hewa. Mdogo wake Flora alikuwa anaoa Jumamosi, na Gasto alijitapa mbele ya ukoo mzima kwamba mafuta yote ya sherehe, madumu kumi, yako juu yake. Flora alimtumia ujumbe mfupi: "Ukija bila mafuta, usishuke kwenye gari." Gasto alimpenda Flora. Hilo, katika mambo yake yote, halikuwa la kughushi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mimi ni Injinia Gasto, mthibitishaji wa mifumo. Nimeona barua yako ina haraka."

"Umeionaje?"

"Kwa jicho la kitaalamu."

Mama huyo, Theodora, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, alimtazama kuanzia viatu akaishia kwenye tai. Akasema, "Haya, twende."

Kiwandani alimwelekeza bila maneno mengi. Zamani waliandika kwenye daftari. Sasa kila pipa la mafuta vijana wa kiwanda wanaliingiza kwenye kompyuta: unyevu wake, harufu yake, rangi yake. Pipa zuri linaonyesha kijani, bovu linaonyesha nyekundu, na lenye nyekundu halitoki getini.

"Juzi waliotuuzia mfumo wametuma toleo jipya," alisema. "Nani ajuaye kama bado linajua bovu na zuri? Karatasi hii hapa, ufunguo wa ghala huu hapa. Soma kila mstari baba, nenda ukapime pipa, kisha rudi uone skrini inasema nini. Mapipa kumi na mawili."

"Ondoa shaka, mama. Sisi wazoefu mashine tunaisikiliza tu."

Akaagiza soda, akaketi ofisini karibu na feni, na kwa saa mbili akaweka tiki. Mtu apewe haki yake: tiki zake zilikuwa nzuri ajabu, zote zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Ufunguo wa ghala haukutoka mezani. Pale karatasi iliposema "lazima itoke nyekundu", Gasto aliandika "imetoka", kwa sababu hakuona ubaya wa kumfurahisha aliyeandika karatasi. Mwisho akapiga mhuri na kusaini kwa mkato wa waziri.

"Tukulipe nini, Injinia?"

"Hela zina maneno mengi, mama. Nipe mafuta. Madumu kumi."

"Ya pipa gani?"

Gasto aligeukia skrini kwa mbwembwe zote. "Hili la saba. Tazama kijani kilivyokolea."

Mama Theodora aliitazama skrini, kisha karatasi. "La saba? Una hakika?"

"Mama! Si ndiyo kwanza nimethibitisha?"

"Basi niandikie kwamba umelichagua mwenyewe."

Aliandika. Vijana wakajaza madumu, wakabandika lebo kila moja, na Gasto akapata lifti ya fuso bila kusoma hata moja. Mtu anayeishi kwa kuandika karatasi za uongo hupoteza hamu ya kusoma za wenzake.

Alhamisi mchana alishuka Shelui kama mkwe wa maana. Wakwe walitoka wote. Mama mkwe alipokea shikamoo yake kwa tabasamu ambalo hakuwahi kumpa tangu posa, na Flora, mwenyewe Flora, alimpokea begi. Kisha mama mkwe akafungua dumu la kwanza.

Mbuzi waliokuwa karibu walihama. Shemeji akafungua la pili, la tatu, na ua mzima ukanuka mashudu yaliyonyeshewa wiki mbili.

Gasto alipiga simu kiwandani kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. "Mama, umenilipa mafuta mabovu!"

"Pipa la saba nililiweka bovu mimi mwenyewe, Injinia, liwe mtihani wa mfumo," alijibu Mama Theodora taratibu. "Karatasi yako inasema ulilipima ukakuta nyekundu. Kwenye skrini ukalichagua kwa kuwa ni kijani. Hapo nikajua mawili: toleo jipya limeharibika, na wewe hukupima kitu. Nimerudisha la zamani, na mapipa nimepima mwenyewe usiku kucha. Wakaguzi wako hapa wanakunywa chai. Wanakusalimu, na mhuri wako wanautaka."

"Sasa ukaniacha niwapelekee watu sumu?"

"Kila dumu lina lebo. Nilidhani mtu wa ubora anasoma."

Flora alikuwa ameshageuza dumu. Akasoma kwa sauti ukoo mzima usikie: "Pipa la saba. La majaribio. Si ya kula. Amethibitisha: Injinia Gasto." Akamtazama mumewe. "Miaka minne, Gasto. Leo ndiyo umesaini kitu cha kweli."

Hakuna aliyemfukuza, mkwe hafukuzwi penye harusi. Mama mkwe alisema mafuta yale yatafaa sabuni, akamkabidhi mwiko na sufuria nyuma ya nyumba. Mafuta ya pilau yakanunuliwa kwa mchango wa majirani.

Jumamosi ngoma zilipokolea, mgeni mmoja alichungulia nyuma akamwuliza Flora yule mwanamume ni nani.

"Fundi sabuni," akasema Flora, na hakuongeza neno mume.

Gasto alisikia. Ilimuuma kuliko mkaguzi yeyote, na akaendelea kukoroga.